Moto wa Kilimanjaro haujazimika mpaka udongo upoe

Oktoba 2020 moto ulishika eneo la Whona, juu ya kituo cha Mandara kwenye njia ya wapandaji ya Marangu. Waliopanda kuukabili walikuwa mamia: askari wa hifadhi, zimamoto, wapagazi, wanafunzi, wanavijiji. Oktoba 2022 ukawaka mwingine karibu na kambi ya Karanga. Oktoba si bahati mbaya. Ndio mwisho wa kiangazi kirefu, nyasi zimekauka tangu Agosti na mvua za vuli hazijashuka. Kipindi kingine cha kukaa macho ni Januari na Februari.

Ulinzi wa msitu wa Kilimanjaro umepitia mikono mingi. Ulitangazwa hifadhi ya msitu mwaka 1921. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa nusu maili upande wa kusini na mashariki ili Wachagga wapate kuni, mbao na majani ya mifugo bila kuingia ndani zaidi. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1973 kwa eneo la juu, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa humo. Bwana miti akampisha askari wa KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, lakini moshi wa kwanza bado huonwa na mtu aliye kihambani, kwenye shamba la nyumbani, au anayekata majani. Mpango wa moto usioanza na huyo jirani hautafanya kazi, hata magari yawe mengi kiasi gani. Juu kule gari halifiki.

Na jirani ana sababu ya kujali. Misitu ya erika, miti yenye vijani vidogo vyembamba, iliyo juu hunasa ukungu na kuudondosha kama maji. Mtafiti Andreas Hemp ameonyesha kuwa moto wa mara kwa mara umeshusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Erika ikiisha, ukungu unapita tu, na yale maji hayaingii tena ardhini.

Tuanze na asali, maana urinaji kwa mwenge ni chanzo cha zamani cha moto huku. Mwenge hudondosha makaa kila unapoutikisa, na aliye juu ya mti haoni yanakoangukia. Tumia bomba la moshi la wafuga nyuki, ulijaze magunzi au kinyesi kikavu cha ng'ombe, uliwashie mahali palipofyekwa. Ukimaliza usikung'ute majivu pale pale. Chimba shimo, mimina, tia maji, koroga, fukia.

Mabaki ya shambani ni bora yaoze kuliko kuchomwa. Ukilazimika, uliza kwanza ofisi ya kijiji kama kuchoma kumeruhusiwa, waarifu majirani, kisha lima kinga ya mita 3 kuzunguka lundo mpaka udongo mtupu uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi, kwani moto hutambaa kwenye visiki vya nyasi. Washa jioni upepo ukitulia, ukianzia ukingo wa juu ili moto uteremke polepole. Wengi huwasha chini, na hapo ndipo mambo huharibika: moto unaopanda hukausha majani yaliyo mbele yake kabla haujayafikia. Mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi yake huongezeka karibu mara 2.

Moto ukishatoroka, piga 114 na umwarifu mwenyekiti wa kitongoji na askari wa karibu. Taja jina la mahali wenyeji wanalolijua, kinachoungua (nyasi, vichaka au misonobari), upepo unakoelekea, na njia ya kufikia. "Mlimani kunaungua" haimsaidii mtu.

Kukata kinga mbele ya moto, watu 10 wenye mpangilio hufanya kazi zaidi kuliko 50 wanaokimbizana. Mbele waende wenye panga na makwanja, nyuma yao majembe na sululu, kisha reki na chepe, mwisho mtu wa kukagua. Kila mmoja akae mita 3 kutoka kwa mwenzake. Panga hujeruhi wengi kuliko wanavyodhani. Mmoja asishike zana yoyote, kazi yake iwe kutazama upepo tu. Takataka zitupwe upande usioungua, la sivyo mnaupa moto kuni. Ukipiga miali kwa matawi mabichi, kandamiza na uvute kuelekea palipoungua. Ukiinua tawi na kulitandika chini, cheche zinaruka nyuma yako.

Vaa pamba au sufu. Nailoni huyeyuka na kugandia kwenye ngozi. Njia ya kukimbilia ijulikane kabla ya jembe la kwanza kushuka, na mara nyingi iliyo salama ni sehemu iliyokwisha kuungua na kupoa. Usikimbilie mlimani: moto utakushinda.

Sasa sehemu ambayo hurukwa kwa uchovu. Chini ya erika kuna mboji nene na mizizi mikavu. Juu unaona majivu meupe, kimya kabisa, kumbe ndani mzizi unafuka kama kijinga kilichofunikwa jivu. Siku 2 au 3 baadaye upepo unakifunua. Kwa hiyo kata kila mzizi unaovuka kinga. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na majivu, usiguse kwanza. Ukisikia joto, chimba. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa juu hutiririka tu mtelemkoni. Mwaga kidogo, geuza udongo kwa jembe, mwaga tena, songa kama ugali mpaka uwe tope baridi hadi chini.

Wekeni zamu usiku na mchana kwa siku 3 angalau. Alfajiri ndio wakati mzuri wa kukagua: hewa ni baridi, na kauzi ka moshi kasikoonekana mchana hujitokeza wazi. Kila panapofuka, chomeka kijiti chenye kitambaa ili zamu inayofuata irudi hapo hapo.