Usiilaumu ardhi kabla hujatazama hewa

Wewe uliyeajiriwa juzi kwenye kikosi cha kupigilia nguzo, karibu. Utaambiwa mengi kuhusu tope na mwamba wa matumbawe hapa Mombasa, na ni kweli. Mimi naanza na hewa inayoendesha nyundo yetu, maana ndiyo iliyonitia aibu.

Tulikuwa pembeni mwa hori, nguzo ya chuma inazama vizuri, mara ikagoma. Nikahesabu mapigo 12 ili ishuke milimita 25 tu, nikaandika kwa furaha kwamba tumefika mwamba. Foromani, mzee wa Mtongwe, wala hakuitazama nguzo. "Mdogo wangu, hebu angalia kichwa cha nyundo, lile chuma zito linalopiga, kinapanda mpaka wapi." Kilikuwa kinafika nusu. Kumbe mtu alikuwa ameunga mashine ya kubomolea zege kwenye kombresa ileile, mashine inayoshindilia hewa ya nyundo. Ilipochomolewa, nguzo ikashuka mita 2 nyingine.

Nyundo yetu ilikuwa ya kunyanyua tu: hewa inapandisha kichwa, kisha kinaanguka kwa uzito wake. Wazo ni la mhandisi James Nasmyth, aliyeitengeneza kwa mvuke mwaka 1843. Boila imekwenda zake, kombresa imeshika nafasi. Kichwa cha tani 5 kikianguka sentimita 90 kinatoa kama kilojouli 44. Kikipanda nusu, nguvu nayo ni nusu, na daftari lako linadanganya.

Kuna nyundo ambayo hewa husukuma kichwa hata kikishuka. Kichwa chake chepesi, mwendo mfupi, ila inapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, wakati ile ya kwanza hupiga kama 50 au 60. Ni nzuri kwa mabati mazito ya kuzuia udongo na kwa mchanga. Usiipeleke kwenye nguzo nzito ya zege inayoingia udongo mgumu wa mfinyanzi. Itakupigia kelele mchana kutwa. Ya tatu ina pistoni yenye vipenyo viwili, inaunganisha kichwa kizito na kasi.

Watu watakuuliza kwa nini msitumie ya dizeli. Kwenye tope laini, nyundo ya dizeli hukataa kuwaka, kwa kuwa nguzo inazama bila kukipa kichwa msukumo wa kurudi juu. Ya hewa haijali. Shida yake ni mizigo: kombresa na mipira yote hiyo ya kupitisha hewa juu ya tishari, na bamvua likija nafasi inazidi kubana.

Nguzo ya zege iwekee plaiwudi juu kabla ya kofia ya chuma inayopokea mapigo. Plaiwudi ikianza kutoa moshi au imekuwa nyembamba kama chapati, badilisha. Ukichelewa, kichwa cha nguzo kitapasuka.

Jambo ambalo sikuliamini: nyundo inaweza kufanya barafu katika joto hili la Kilindini. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ikitanuka pale inapotoka kwenye nyundo hupoa ghafla, barafu ikaziba mlango wake. Kila asubuhi mwaga maji yaliyokusanyika kwenye tangi la kombresa, na hakikisha kidude cha mafuta ya kulainisha kwenye njia ya hewa hakijakauka.

Na kabla ya kufungua kiungo chochote, funga valvu, achia hewa yote, sikiliza mpaka iishe. Nimeona mpira ukiruka kama nyoka juu ya tishari, na jamaa mmoja akachagua bahari.