Inchi nne za nini, mdogo wangu? Nilivyonyanyua Jimny yangu mara mbili

Juzi usiku imeingia meseji ya kijana mmoja wa Mbeya: "Kaka shikamoo, Suzuki Jimny yangu imetoka bandarini wiki hii, nataka niinyanyue inchi nne kama zile za kwenye picha, naanzia wapi?" Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akauliza kulikoni. Nimecheka kwa sababu miaka mitatu iliyopita huyo kijana nilikuwa mimi, na angetokea mtu wa kunishika mkono siku ile nisingepoteza hela niliyopoteza wala kuitwa majina niliyoitwa.

Yangu ni Jimny Sierra, modeli ya JB43, injini ya 1300. Kigari kifupi kweli, katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma ni milimita 2250, wakati Prado ya zamani ya milango mitano, ile J90, ina 2675. Ufupi ndio uzuri wake, kwenye makorongo kinapanda na kushuka bila kukwangua tumbo wakati mwenye Prado anatafuta koleo. Ila hizo hizo milimita zinakugeukia ukiharibu, maana kitu kifupi ukikirefusha miguu kinaanza kunesa mbele nyuma kila ukigusa breki.

Basi mimi nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa Arusha, simtaji, na yeye ana watoto. Akanikatia spesa (vipande vya kuongeza urefu) za chuma za inchi tatu akaziweka juu ya springi zile zile za kiwandani, na shokapu zile zile, saa nne asubuhi tumeanza saa nane mchana nimetoka na gari refu kama twiga. Laki na nusu tu! Wenzangu walikuwa wanaongelea lifti kiti za mamilioni (kiti hapa sio cha kukalia, ni seti nzima ya vifaa) mimi nikaona nimewapiga bao. Nilipiga picha kumi na saba, nakumbuka idadi kwa sababu nilizifuta zote.

Jumamosi yake tukatoka kundi la magari matano kwenda Ziwa Natron. Lami ya kwenda Makuyuni, kwenye tambarare pale upepo unapokupiga ubavuni, spidi 80, nikapita kwenye kiraka kidogo tu cha lami na usukani ukaanza kutetemeka. Sio kutetemeka kwa balansi ya tairi, hapana, ulikuwa unachezea mikononi kama kuku anayechinjwa, kushoto kulia kushoto kulia, dashibodi nzima inagonga, mama watoto pembeni ameshika mlango kwa mikono miwili anasali kwa sauti. Ukikutwa na hali ile usikanyage breki kwa hasira, achia mafuta, shika usukani imara, acha gari ipungue yenyewe. Mpaka 50 ndio ikatulia. Tukasimama, wenzangu wakanizunguka, mmoja wao, mtu mzima kabisa, akasema "hii sasa sio gari, ni mbuzi wa Idd kaona kisu." Mpaka kesho wapo wanaoniita Mbuzi. Mama watoto alirudi Arusha na daladala, na mimi nikageuza nyuma yake, spidi 50 njia nzima.

Nisingesema haya kama nisingejua kilichotokea, na nimekijua baadaye kwa kulala chini ya gari na tochi wiki mbili nzima.

Ekseli ya mbele ya Jimny imeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma kutoka kwenye chesesi, ile fremu ya chini ya gari. Ukinyanyua gari ile mikono inainama, na ikiinama ekseli nzima inazunguka kidogo, ile pembe inayofanya usukani urudi wenyewe katikati, mafundi wanaita kasta, inapungua. Ndio maana gari inatangatanga barabarani kama imelewa. Halafu kuna panhadi rodi, chuma kimoja kinachoshika ekseli isiende pembeni, kimefungwa upande mmoja kwenye chesesi na upande mwingine kwenye ekseli, ukinyanyua gari kinasimama zaidi kwa hiyo kinaivuta ekseli upande wa chesesi. Yangu ilikuwa imesogea karibu sentimita moja, ukisimama nyuma ya gari unaona kabisa tairi moja limechungulia nje. Ongeza bushi za zamani (zile raba za kwenye maungio) na beringi za kingipini, zinazoshika tairi la mbele likate kona, zilizochoka (Jimny za mtumba nyingi zinakuja na ugonjwa huo) na hapo ndipo mtetemo unapozaliwa. Fundi wangu dawa yake ilikuwa "weka stelingi dampa mpya." Nikaweka hicho kishokapu cha usukani. Ilitulia mwezi mmoja. Dampa inaficha ugonjwa tu, beringi zinaendelea kufa kimya kimya.

Na kituko kikubwa kuliko vyote ni kwamba gari ilikuwa ndefu lakini porini ilikuwa mbovu kuliko mwanzo. Shokapu za kiwandani zilishavutwa karibu na mwisho wake hata kabla sijaondoka nyumbani, kwa hiyo nikiingia shimoni tairi haishuki kufuata ardhi, inaning'inia hewani inazunguka bure, na kila tuta kuna mlio wa "ko!" huko chini. Nimelipia urefu nikauziwa ugumu.

Mara ya pili nilienda polepole. Inchi mbili, basi. Springi za urefu huo na shokapu ndefu zinazoendana nazo, panhadi rodi za kurekebisha mbele na nyuma, bushi za kurudisha kasta, paipu za breki ndefu zaidi, na kingipini nikabadilisha beringi zote kabla sijagusa springi hata moja. Kazi nimefanya mwenyewe na shemeji yangu, siku mbili. Unanyanyua kwa jeki, chesesi unaikalisha kwenye stendi (stendi, sio matofali, nawaomba sana!), unafungua shokapu na panhadi, unashusha ekseli taratibu na springi inatoka yenyewe. Wakati unashusha angalia paipu ya breki na waya wa ABS, ekseli isije ikaning'inia kwenye paipu, mimi ya nyuma nilichelewa kuiona ikavutika nikanunua nyingine.

Jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniambia: bolti za bushi usizikaze gari ikiwa juu. Zishike kidogo tu, shusha gari ikae kwa matairi yake, itikise, ndio ukaze. Ukikaza ekseli inaning'inia, raba inabaki imejipinda maisha yake yote na itapasuka mapema. Halafu unaenda wili alaimenti, na taa za mbele unazishusha maana sasa zinawapiga watu machoni.

Matairi nimetoka 205/70R15 nikaweka 215/75R15. Hapa ndipo vijana mnapodanganyika. Springi haziinui difu (lile bonge la gia linaloning'inia chini) hata milimita moja, difu imo ndani ya ekseli na ekseli inakaa juu ya matairi. Tairi langu limeongezeka kipenyo kama milimita 35, kwa hiyo difu imepanda kama 18, basi, hizo ndizo nilizopata dhidi ya jiwe. Springi kazi yake kubwa ni kulipa tairi nafasi lisikwangue matao ya body. Na spidomita sasa inadanganya kama asilimia 5, ikisoma 80 nipo 84, trafiki hataki kusikia hadithi hiyo.

Mwezi uliopita nimefika Natron. Lami yote usukani umetulia, kutoka Engaruka vumbi na mawe na makorongo mpaka Ngare Sero, mama watoto amelala usingizi kiti cha pembeni. Na yule mzee wa mbuzi wa Idd, gari lake lilikwama kwenye mchanga wa korongo, nani alimvuta? Sitaki kujisifu ila kamba ilikuwa yangu.

Sasa vijana, tatizo letu ni picha. Tunanunua gari kwa picha, tunanyanyua kwa picha, watoto wetu tunawapakia humo humo. Mtu beringi za kingipini hajawahi kuziona kwa macho anaulizia inchi nne! Inchi nne kwenye Jimny unaanza kuongelea mikono mipya na propela shafti (chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli), ya nyuma ni fupi na pembe ikizidi inatetemeka. Una hela hiyo? Una safari gani Mbeya inayotaka inchi nne? Kwa hiyo mdogo wangu, wiki hii usinunue kitu. Piga jeki mbele, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha niandikie kama linacheza.

Na wale mnaoulizia spesa zangu za chuma kama nauza: hapana. Mbili zinakandamiza mfuniko wa simtanki, mbili sijui zilipo.