Kuchora kila siku: miaka sita ya kaunta buku na foleni ya pantoni

Mkuu, hili lilinisumbua miaka mingi, kwa hiyo niwie radhi nikijibu kirefu. Kwa waliochelewa: mwenzetu kanunua daftari zuri la kuchorea, karatasi nzito, jalada gumu, kachora kurasa tatu mwezi wa kwanza, likalala kabatini mpaka leo. Anauliza wanaochora kila siku muda wanautoa wapi, na kama ni lazima uwe na kipaji.

Kipaji tukiweke kando kwanza. Mimi ni karani wa stoo. Shuleni sanaa niliyofundishwa ni kuchora ramani ya Tanzania na moyo wa binadamu kwenye baiolojia, na moyo wenyewe ulitoka kama embe dodo. Nakaa Kigamboni, kazi iko ng'ambo mjini, na huu ni mwaka wa sita nachora. Sijauza picha hata moja na sina mpango huo.

Nianze na nilivyoshindwa, maana ndipo ulipokwama wewe. Mara ya kwanza nilijipangia saa nzima kila usiku baada ya chakula, mezani, simu imezimwa. Nilikwenda siku kumi na moja. Ya kumi na mbili umeme ukakatika, ya kumi na tatu mtoto akashikwa na homa, ya kumi na nne nikajiambia nitafidia Jumapili, saa tatu mfululizo. Jumapili kukawa na harusi. Nilijiita mvivu wakati ule, ila nikikumbuka sasa naona nilijionea bure. Nilikuwa nalazimisha saa mpya iingie kwenye siku iliyojaa tayari, sawa na konda wa hiace anayekwambia "sogea kidogo" na wewe umeshabanwa mlangoni.

Kilichoniokoa ni foleni. Anayevuka kwa kivuko cha Magogoni anajua: unafika, pantoni ndiyo kwanza imeondoka, unakaa kwenye banda kungoja. Dakika kumi, ishirini, siku mbaya usiseme. Muda huo nilikuwa naumalizia kwenye simu, nasoma ugomvi wa watu nisiowajua. Nikaanza kutoa daftari badala ya simu. Kanuni ikawa moja tu: pantoni haijafika, nachora, geti likifunguliwa nafunga, hata kama mtu niliyemchora hana kichwa. Sikujiwekea dakika wala idadi ya michoro. Wewe kama huvuki, tafuta foleni yako. Kituo cha mwendokasi, chai ya saa nne, ndoo ikijaa bombani. Hiyo ya ndoo si mzaha, shemeji yangu ndiyo anayoitumia, na kwa presha ya maji ya mtaani kwao ndoo moja inamtosha kuchora kandambili zote mbili.

Vifaa. Hapa ndipo watu wanapochoma pesa, nami nilizichoma. Sasa natumia kaunta buku ya kwaya mbili, hizi za dukani zenye jalada gumu. Ndiyo, ina mistari. Wiki ya kwanza mistari inaudhi, wiki ya tatu huioni tena, na inasaidia kujua kama nguzo yako imelala. Kero yake ni ukubwa: A4 kwenye msongamano ni kama umebeba sinia. Nikaipeleka kwa jamaa wa steshenari mwenye mashine ya kukatia karatasi, nikamwambia akate katikati kwa upana, jalada na vyote. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akakata. Nikatoka na vitabu viwili vidogo vinavyoshikika kwa mkono mmoja. Ukifanya hivyo, paka gundi nyeupe ya mbao kwenye uti pale kisu kilipopita, uache usiku kucha, la sivyo kurasa zitaanza kuchomoka moja moja.

Kalamu ni Bic ya bluu. Ukiigusisha kidogo inatoa mstari mwepesi kama moshi, ukikandamiza inakoza, kwa hiyo kivuli unakipata kwa kalamu hiyohiyo. Na haifutiki, jambo ambalo kwangu ni neema. Nilipokuwa na penseli na raba niliweza kukaa na jicho moja mpaka pantoni ije na kuondoka. Kwa kalamu, mstari ukikosea unapiga mwingine pembeni yake unaendelea, na ule wa kwanza unabaki hapo hapo, haumdhuru mtu.

Niliwahi kuhamia kalamu za jeli kwa sababu weusi wake unavutia. Masika ya mwaka ule, tuko katikati ya maji, mvua ya upepo ikaingia mkobani. Nafika nyumbani nafungua: miezi mitatu imekuwa madoa ya zambarau. Michoro michache ya Bic iliyokuwamo humo ilikaa kama ilivyo, maana wino wake ni wa mafuta. Tangu siku hiyo kitabu kinasafiri ndani ya ule mfuko mgumu wa zipu unaokujaga na shuka.

Na kama bado unaona aibu kutumia vitu rahisi, kumbuka mchoraji Edward Tingatinga. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa hapa Dar, alianza na vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Sasa kuchora kwenyewe. Mwezi wa kwanza nilichora visogo vya watu waliokaa mbele yangu, kwa sababu kisogo hakikuangalii. Nikachoka na visogo, nikawa nawahi asubuhi na kupitia Soko la Samaki la Feri, pale jirani. Siku moja nikachora samaki aina ya changu aliyelala mezani, nikajiona nimepatia. Mama mmoja muuzaji, anapara samaki huku anaongea na wateja watatu, akainama akaangalia.

"Mwanangu, huyu changu wako kanyolewa?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimemwekea pezi moja la pembetatu katikati ya mgongo, kama papa wa kwenye katuni. Mama akamshika changu, akaingiza ncha ya kisu chini ya pezi na kuliinua. Linaanzia karibu na kisogo linakwenda mpaka jirani na mkia, mbele miiba mitupu, nyuma laini kama pindo la kitambaa. Nikahesabu miiba: kumi. Mimi nimezaliwa pwani, changu nimemla maisha yangu yote, miiba hiyo imenichoma vidole mara nisizozijua, na pezi lake sikuwa nalijua. Mkono wangu haukuwa na kosa. Nilimtazama samaki mara moja, nikainamia karatasi na kumchora mwingine aliyekuwa kichwani mwangu.

Zoezi lililonisaidia baada ya hapo ni hili. Weka macho kwenye kitu, kalamu kwenye karatasi, na usiangalie karatasi mpaka umalize. Jicho litembee polepole ukingoni mwa kitu na mkono ufuate kwa mwendo huohuo. Kinachotoka ni kituko: mpini wa kikombe unakuta umeota mbali na kikombe. Binti yangu huwa anataka kuona hizo tu. Lakini fanya moja ya dakika mbili kabla ya mchoro wa kweli, uone mstari wako unavyokuwa umeamka.

Upande wa watu, kosa la kila anayeanza ni kuchora wapita njia. Unapata mguu, kaondoka. Chora mtu ambaye kazi yake inajirudia. Mimi mwalimu wangu ni mzee muuza kahawa. Ana mikao minne: anamimina, anasuuza vikombe kwenye ndoo, anachochea mkaa, anagonganisha vikombe kuita wateja. Naanzisha wazee wanne kwenye ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Akimimina naongeza mstari kwa yule anayemimina. Akiinama kwenye ndoo nahamia kwa yule wa ndoo. Mkao aliouacha ataurudia tu, sina haja ya kuhangaika. Ikifika dakika kumi na tano nina wazee wanne, wawili wamekamilika, mmoja anafanana naye kweli, na mmoja anafanana na mjomba wangu, sijui kwa nini.

Vikombe vyake ndivyo vilivyonifundisha duara. Kikombe kilichoko chini kwenye beseni, mdomo wake unauona mpana, karibu duara kamili. Akikiinua kukupa, mdomo unabanwa unakuwa kama yai, na kikifika usawa wa macho yako unakuwa mstari tu. Nilisoma hili mara nyingi bila kuelewa. Kwenye benchi la kahawa lilichukua vikombe viwili.

Pembeni ya mchoro andika. Hapo ndipo daftari linapoacha kuwa la michoro tu na kuwa la maisha yako. Mimi naandika tarehe, saa, mahali, maji yamejaa au yamekupwa, na sentensi moja niliyoisikia hapo. Rangi naziandika kwa maneno kwa sababu kalamu yangu ni bluu: "khanga, nyekundu ya pilipili iliyokauka, pindo jeusi." Ni mtindo wa zamani. Mchoraji Mfaransa Delacroix alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza madaftari namna hiyo, michoro ya haraka na majina ya rangi kando, na picha za Afrika Kaskazini aliendelea kuzichora mpaka karibu na kifo chake mwaka 1863. Mimi siendi huko. Ila nikisoma "maji yamekupwa, mtu kapoteza kiatu kimoja, anacheka," asubuhi yote inarudi, pamoja na harufu ya dizeli.

Kuhusu kuchora hadharani, mambo mawili. La kwanza, majengo ya serikali, bandari na mageti yenye walinzi achana nayo. Nilishaitwa na mlinzi mmoja aliyedhani napima geti. Alichukua kitabu, akafungua ukurasa mmoja mmoja taratibu, samaki, visogo, kofia, vikombe, akanirudishia. "Geti usichore," akasema. "Kofia chora." Sikubishana, nawe usibishane. La pili, ukimchora mtu akajua, mwonyeshe. Wengi watacheka, wachache wataudhika, na hao unawaomba radhi unafungua ukurasa mwingine. Akitaka mchoro, apige picha kwa simu yake. Mimi ukurasa sichani, hata ule mbaya. Nilichana mmoja kitabu cha kwanza, baada ya wiki nikawa nachana kila siku ya tatu, kitabu kikabaki jalada.

Siku zilizopotea huwa silipi. Mwaka jana malaria ilinilaza, siku tatu sikushika kalamu, ya nne nikachora paketi ya dawa mseto ikiwa nusu imeliwa, nikaandika tarehe ya siku hiyo, basi. Ukianza kujidai michoro ya nyuma utakuwa na deni la kumi, na mwenye deni anapita njia nyingine asikutane na mdai wake.

Swali lako la mwisho, kama uwe unaweka kila mchoro mtandaoni. Mwaka wa kwanza mimi ningekushauri usiweke kabisa. Wapo watakaosema inawasaidia kujibana, sibishani nao, lakini kwangu nilipoweka nilianza kuchagua vitu vinavyopendeza watu, machweo na mashua, na mzee wa kahawa nikamsahau wiki nzima.

Sasa hilo daftari lako la bei lililoko kabatini. Naamini shida yake ni uzuri wake, unaogopa kuliharibu. Umesema una mtoto wa miaka minne. Leo jioni mpe kalamu achore ukurasa wa nne, chochote anachotaka, kalamu yoyote anayotaka, hata aliandikie jalada. Ukurasa wa tano ni wako kesho asubuhi, kikombe cha chai, kabla hujakinywa.