Ufa wa Mai Mahiu: ni Afrika inakatika, au ni maji?

Mkuu umeuliza kama ule ufa uliokata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, Kenya, Machi 2018 ndiyo Afrika inagawanyika, na kama inafaa kununua shamba upande ule. Afrika inagawanyika kweli, ila ufa ule ni kazi ya maji. Kwa mtu anayetaka kujenga, tofauti hiyo ni kubwa.

Anza na hesabu. Bamba ni kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachosogea. Bamba la Somalia (upande wa mashariki) linaachana na bamba la Nubia (Afrika iliyobaki upande wa magharibi) kwa takriban milimita 6 kwa mwaka kule Ethiopia, na kasi hupungua kadiri unavyoshuka kusini. Tuseme kwa Kenya ni milimita 3. Ufa wa upana wa mita 15 ungehitaji miaka 5,000. Ule ulifunguka katika msimu mmoja wa mvua.

Utasema mabamba hukusanya mkazo yakauachia kwa mpigo. Sawa, hutokea. Septemba 2005 huko Dabbahu, Afar, Ethiopia, magma (mwamba ulioyeyuka) ilijipenyeza chini kwa chini kwenye mpasuko wa kilomita 60 hivi, na ardhi ikatanuka hadi mita 8 katika muda mfupi. Julai 2007 eneo la mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, Tanzania, lilipigwa na mfululizo wa matetemeko, moja likafika ukubwa wa 5.9 na kusikika hadi Nairobi. Septemba mwaka huohuo volkano jirani ya Oldoinyo Lengai ikaanza kulipuka kwa nguvu. Mabamba yakiachana kwa mita kadhaa, ardhi hutikisika mara nyingi na kila kituo cha kupima matetemeko kinanasa. Mai Mahiu hapakuwa na tetemeko la kulingana na shimo lile.

Kilichopo pale ni majivu ya volkano kutoka Suswa na Longonot, tabaka nene lisiloshikana vizuri. Mvua ikishuka kutoka miinukoni, maji huzama, yanapata njia chini na kuanza kubeba punje. Handaki hukua huku juu nyasi zimesimama na magari yanapita. Siku ya mvua kubwa, paa linaporomoka. Nakubali kwamba miamba iliyopasuka zamani chini ya majivu inaweza kuyaelekeza maji, ndiyo maana korongo nyingine hufuata mstari ulionyooka.

Ukifika mwenyewe, tazama kuta za ufa. Fuata tabaka moja la majivu, kisha litafute ukuta wa pili. Likiwa usawa uleule, na ufa ukiishia palipo na mwamba mgumu, hayo ni maji. Upande mmoja ukiwa umeshuka, na mwamba wenyewe umekatika, hapo mwite mjiolojia. Ndivyo Bonde la Ufa lenyewe lilivyojengwa: gandunia (tabaka gumu la nje la dunia) linavutwa, linakatika kwa mipasuko ya mshazari, na kipande cha kati kinazama. Kingo zake ndizo miinuko kama Nguruman na Mau. Tawi la magharibi la bonde hilo limezama zaidi: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari.

Kwenye shamba, angalia vishimo vidogo vilivyojipanga mstari, nguzo za uzio zilizoinama bila sababu, na maji ya mvua yanayopotea ardhini ghafla badala ya kutiririka. Waulize wenyeji wapi pamewahi kufukiwa.

Na usimwage mawe na murram ndani ya ufa ukadhani umemaliza. Mawe yana nafasi kati yake. Maji yanapita palepale na kuendelea kuchota majivu. Kwanza kinga maji juu kwa mfereji uliosakafiwa, yapelekwe mbali hadi kwenye mkondo wa asili. Kisha chimbua handaki mpaka udongo imara, jaza kwa udongo wa mfinyanzi ukishindilia tabaka za sentimita 15 hadi 20, na juu acha mwinuko kidogo ili maji yasituame. Nyumba, tangi la maji na shimo la choo vikae mbali na mstari huo, kwa sababu tangi linalovuja tu linatosha kufungua handaki jipya.