Kutafuta kazi Dayton, Ohio: ghala, hospitali au ufundi wa mashine

Anayekuambia Dayton hakuna kazi amebaki mwaka 2008. Ni kweli jiji lilipigwa. Kiwanda cha magari cha GM pale Moraine, mji mdogo jirani, kilifungwa Desemba mwaka huo, na mwaka uliofuata kampuni ya NCR, iliyozaliwa hapohapo, ikatangaza kuhamishia makao makuu yake Georgia. Wakazi waliozidi 260,000 mwaka 1960 walikuwa 137,644 kwenye sensa ya 2020. Ila kazi za kubeba, kufungasha na kusafisha hazikukosekana. Iliyopotea ni ile kazi ambayo mtu asiye na cheti aliipata getini na ikamjengea nyumba. Jengo la GM sasa ni la Fuyao, kampuni ya Kichina inayotengeneza vioo vya magari, na ilipofungua mishahara ya kuanzia ilikuwa chini sana ya ile ya zamani. Kwa hiyo Mkongomani au Mrundi anayehamia hapa kwa kufuata nyumba za bei nafuu ajiulize mambo mawili: kazi hii itanifikisha wapi mwakani, na shifti ikiisha nitarudije nyumbani?

Hilo la kurudi linaua ajira nyingi kuliko Kiingereza kibovu. Maghala makubwa hayako mjini. Yako kaskazini, Union na Vandalia, karibu na uwanja wa ndege. Shifti ya pili huisha saa tano usiku au baadaye. Kabla ya kusaini, angalia ratiba ya basi la RTA la kurudi, na ya Jumapili pia. Lifti ya jirani inafaa wiki mbili tatu, lakini gari lake likiharibika mnakosa kazi wote. Viwanda vingi huweka pointi: ukichelewa nusu, usipofika moja, na ukifikia kikomo unaondolewa bila mjadala. Aliye kwenye siku 90 za mwanzo ndiye anayevumiliwa kidogo kuliko wote. Siku ya kwanza omba karatasi ya kanuni hizo uende nayo nyumbani.

Wengi huanzia kwa ajensi za ajira, zinazowapeleka kiwandani kwa muda. Si vibaya, mradi ujue hicho ni kibarua. Uliza baada ya saa au siku ngapi kiwanda kitakuajiri chenyewe, na malipo yatakuwa kiasi gani wakati huo. Uliza pia kama unalipwa kwa W-2, fomu ya kodi ya mwajiriwa, au kwa 1099, ya anayehesabiwa kuwa amejiajiri. Mtu wa kupanga maboksi akipewa 1099, ashtuke: hakatwi kodi, hapewi ovataimu, na mwisho wa mwaka anadaiwa asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee), wakati mwajiriwa wa kawaida hukatwa 7.65. Ovataimu Ohio huhesabiwa kwa wiki. Saa 12 kwa siku tatu ni saa 36, hapo hakuna nyongeza. Saa ya 41 na kuendelea ndizo zinazolipwa mara moja na nusu.

Kwenye fomu ya I-9, ya kuthibitisha una ruhusa ya kufanya kazi, leseni au kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya kizuizi vinatosha. Mwajiri haruhusiwi kung'ang'ania green card. Na usinunue cheti cha folklifti mtandaoni ukadhani umemaliza: sheria inamtaka mwajiri mwenyewe akufundishe, akupime ukiendesha mashine ya hapo kazini, kisha akupime tena angalau kila miaka mitatu.

Asiye na gari, nashauri aanzie hospitali. Miami Valley Hospital iko mjini. Usafi, jiko na kusukuma wagonjwa si kazi za kujivunia kwenye simu na ndugu, lakini hospitali kubwa mara nyingi hutoa bima na msaada wa ada. Kozi ya msaidizi wa wauguzi ni ya saa 75 hivi. Kabla ya kulipa, tafuta nyumba ya wazee itakayokuahidi kazi kwanza: zile zinazopokea fedha za Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) haziruhusiwi kumtoza ada ya kozi mtu waliyekwisha kumwajiri.

Ila mwenye mkono wa ufundi asizeekee kwenye maboksi. Mashine nyingi zikiongezwa, wa kufungasha hupungua na wa kuzitengeneza huhitajika. Dayton ni mji wa karakana za chuma tangu zamani, na hapo ndipo mshahara unapoachana na ule wa ghala. Jifunze kwa mpangilio: kusoma michoro, kupima kwa venia na mikromita, umeme wa viwandani, mifumo ya mafuta na hewa, halafu PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza mashine. Wanaorukia PLC kwa sababu ni kompyuta hukwama wakipewa mota iliyoungua. Tuliozoea milimita tunakwamishwa na inchi: elfu moja ya inchi, 0.001, ni milimita 0.0254, na kwenye usaili unaweza kuwekewa mikromita mezani. Fundi wa gereji wa Bukavu mwenye uzoefu mkubwa huangushwa na majina tu, hajui spana, beringi au fyuzi zinaitwaje kwa Kiingereza cha hapa. Aandike majina 100 ayakariri.

Masomo yapo Sinclair Community College, na mwenye green card anaweza kuomba Pell Grant, msaada wa ada wa serikali usiorudishwa. Uanagenzi, yaani kujifunza ufundi ukiwa kazini, unalipwa tangu siku ya kwanza. Wa machinisti kwa kawaida ni saa 8,000 za kazi, miaka minne hivi. Wa umeme kupitia IBEW Local 82, chama cha mafundi umeme, unadai cheti cha sekondari au GED (mtihani unaokubaliwa badala yake) na mwaka mmoja wa aljebra, kwa hiyo diploma ya Congo itafsiriwe mapema, siyo wiki ya maombi.

Wright-Patterson, kambi ya jeshi la anga, ina wafanyakazi zaidi ya 30,000, lakini kazi zake nyingi za serikali zinataka uraia. Mkimbizi huhesabiwa miaka yake mitano ya kuomba uraia tangu siku aliyoingia Marekani, si siku aliyopata green card.

Jambo la mwisho ni kodi ya jiji. Dayton hutoza asilimia 2.5 ya mshahara. Ukiishi Dayton na kufanya kazi kwenye township, yaani eneo la nje ya mipaka ya jiji, lisilo na kodi hiyo, mwajiri anaweza asikukate, na bili ikaja kwako baadaye na faini. Angalia slipu ya kwanza. Kama hakuna makato ya Dayton, omba wayaanze au weka akiba kila malipo.