Umepangiwa kazi Njombe? Soma hili kabla hujafunga begi

Kila ajira mpya zinapotoka, stendi ya Njombe inapokea walimu, wauguzi na maofisa ugani wanaoshuka kwenye basi na kandambili miguuni. Mwenyeji anawatambua kabla hawajafungua mdomo. Wengi wameshaambiwa kwamba huku ni baridi, na wamekuja na jaketi moja zito la kutisha. Kinachowasumbua baadaye ni kalenda waliyokuja nayo kichwani.

Kama umekulia Dar, Tanga au Moshi, umezoea mwaka wenye vuli na masika. Huku hakuna vuli. Njombe, kama sehemu kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, ina mvua za msimu mmoja: zinaanza Novemba inapoelekea ukingoni, zinakolea Desemba mpaka Machi, zinakatika Aprili au Mei mwanzoni. Ukanda wa mvua hulifuata jua. Likiwa kusini tunalowa sisi, likirudi kaskazini ndipo nanyi mnapata masika yenu. Nyuma yake zinaingia pepo za kusi, na kuanzia Juni mpaka Agosti ni kipupwe.

Wageni wengi wanadhani baridi kali inaletwa na mvua, kwa hiyo mvua zikikatika wanatoa blanketi la pili wanalituma nyumbani. Subiri kwanza. Wakati wa mvua usiku una mawingu, na mawingu yanazuia joto la ardhi lisitoroke lote. Juni na Julai anga linakuwa jeupe, nyota tele, hakuna cha kulizuia joto hilo. Mji wenyewe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban digrii 6. Fanya hesabu mwenyewe kutoka Dar. Alfajiri ya Julai kipimajoto kushuka mpaka digrii 5 au 6 si habari ya kumpigia mtu simu, na Makete, ambako ni juu zaidi, jalidi, yaani umande ulioganda, hulala kwenye majani mpaka jua lichomoze.

Hewa baridi ni nzito, inateremka mabondeni usiku kucha. Ndiyo maana kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi, viazi vinaweza kuamka vimeungua majani wakati shamba la mlimani halijaguswa. Ofisa ugani mgeni alijue hili mapema, maana mkulima atamuuliza dawa ya ugonjwa ambao si ugonjwa. Nawe ukitafuta chumba, usikimbilie cha bondeni kwa sababu kodi ni nafuu.

Nyumba niizungumzie kidogo, maana hapa ndipo watu wanateseka bure. Uliza kwanza kama ina dari. Bati tupu usiku linapoa haraka, pumzi yenu inageuka maji juu yake, na alfajiri matone yanakudondokea usoni. Halafu angalia madirisha. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini kinaota jua Juni na Julai. Cha kusini kinabaki stoo ya baridi mchana kutwa. Madalali hawalijui hili au hawajali, kwa hiyo pesa ya ziada hulipi.

La jiko la mkaa nalisema bila kuzunguka: usilale nalo ndani. Mkaa wa miti ya miwati upo tele huku na unashika moto vizuri, mgeni anaona amepata suluhisho. Moshi ukishakwisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Ota moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje, ingia kwenye blanketi. Chupa ya plastiki ngumu yenye maji ya moto, ikifungwa vizuri na kuviringishwa kitenge, inatosha miguuni.

Mavazi yafuate saa. Saa moja asubuhi mstarini wanafunzi wamejikunyata kwenye masweta na vidole vyako vinagoma kushika chaki. Saa saba mchana jua linakuchoma shingo, na ukikaa kivulini unatetemeka tena. Hewa ya juu ni nyembamba, mionzi ya jua inapita kwa nguvu, kwa hiyo midomo inapasuka na ngozi inababuka hata siku ambayo huhisi joto. Nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, zinafaa kuliko lile jaketi. Mnadani utapata masweta ya mitumba kwa bei nzuri, ila nenda Aprili. Kipupwe kikiingia hata muuza mitumba anakusoma usoni. Kama unapanda bodaboda alfajiri, glavu si mapambo. Na ukishukia Makambako kubadili gari, jiandae kwa upepo. Mji ule upo chini kuliko Njombe lakini upepo wake haumwachi mtu na kofia.

Jikoni nako kuna mabadiliko. Mafuta ya nazi uliyobebeshwa na mama yataganda kwenye chupa, hayajaharibika, yaweke karibu na moto. Unga wa maandazi ukande usiku, maana hauumuki kwa saa moja kama pwani. Maharage ndiyo yatakayokutoa jasho: kwenye mwinuko huu maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, hata uchochee vipi. Loweka tangu jana yake, au nunua sufuria ya presha na mshahara wa kwanza.

Miezi ya mvua ina kero zake, ila ni kero za kawaida: gambuti, nguo zisizokauka siku tatu, udongo mwekundu unaonata, barabara za vijijini zinazoteleza. Ukipangiwa upande wa Lupembe, kwenye chai, tarajia ukungu na manyunyu hata kiangazi, kwa sababu pepo za kusi zinagonga ule ukingo wa mashariki kwanza. Mvua ndiyo pia msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mtogwa, ule mbichi, ni mtamu na unapitiliza kooni bila kukuaga. Mkangafu, ule uliochacha ukawa mkali, waachie wenyewe mpaka uzoee.

Mbu ni wachache, na watu wanajisahau. Ukirudi likizo kutoka Dar au Kyela kisha homa ikakushika, mwambie daktari ulikotoka, usiseme tu ni mafua ya baridi, huenda ni malaria. Wenye pumu waje na dawa zao za kutosha kabla ya Juni.

Miezi mizuri kwangu ni Septemba na Oktoba: mchana kuna joto la wastani, usiku umelegea, barabara kavu. Waalike wazazi wakati huo. Lakini kama wanataka kuona maua ya Kitulo, hesabu inageuka, maana uwanda ule ulio kwenye mita 2,600 hivi, hifadhi ya taifa tangu 2005, unachanua wakati wa mvua. Januari au Februari basi, na gari lenye uwezo wa kutoka kwenye tope, na sweta la mzee ulibebe wewe kwa sababu yeye ataliacha kwenye basi akisema jua lenyewe si hili hapa.