Upasuaji salama: fedha zinarudi?

SWALI: Hospitali yetu ya wilaya inataka kuanzisha mpango wa kuboresha upasuaji. Mhasibu anauliza fedha zitarudi vipi. Tumjibu nini? – Muuguzi, Kondoa

JIBU: Asitegemee fedha taslimu, ahesabu vidonda visivyotunga usaha. Tuseme mnapasua wagonjwa 400 kwa mwaka, na maambukizi yakashuka kutoka 40 hadi 28. Kama mafunzo, karatasi na muda wa watumishi vimegharimu shilingi 6,000,000, kila ambukizo lililozuiwa limegharimu 500,000. Linganisheni na gharama ya kidonda kimoja kilichoharibika: siku za kitanda, bandeji, antibiotiki, pengine kupasuliwa tena. Nauli na chakula cha ndugu anayeuguza pia ni gharama, ingawa wahasibu huwa hawazioni.

Kosa kubwa liko kwenye kuhesabu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huruhusiwa baada ya siku chache. Kidonda kikianza kutoa usaha akiwa kijijini, kwenye daftari lenu anabaki mzima. Mpigieni simu hadi siku ya 30. Na anzeni kuhesabu miezi kadhaa kabla ya mpango, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha.

Kwa kuanzia, chukueni orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ya 2008: vipengele 19, husomwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatolewa chumba cha upasuaji. Utafiti uliochapishwa 2009, uliohusisha hospitali 8, moja ikiwa Ifakara, uliona vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila isomwe kwa sauti. Ikijazwa baada ya upasuaji, antibiotiki iliyopaswa kutangulia kisu imeshachelewa.